Fundi kanijazia dropa ya baiskeli vipande vya kopo la soda, nataka pesa yangu

Wakuu asalaam aleykum. Naandika nikiwa na hasira na naomba mtu asiniambie nipoe kwanza, nshapoa vya kutosha kwa huyu bwana na ndo maana tumefika huku.

Mie nnakaa Pemba, Wete. Anaeijua Pemba anajua huku ni kupanda na kushuka tu, vilima na mikarafuu, ukiiacha lami kidogo ushaingia kwenye mizizi na udongo mwekundu ambao ukipigwa na masika unateleza vibaya sana. Ukipanda kilima unataka siti iwe juu mguu unyooke, ukishuka unataka siti ipotee chini ili mwili uweze kurudi nyuma, la sivyo siti inakusukuma kwa nyuma unapita juu ya usukani. Kwa hiyo dropa kwangu si urembo. Ni ile nguzo ya siti, yaani posti, inayoshuka na kupanda kwa kubonyeza kitufe mkononi, kwa wasioijua.

Sasa Pemba hakuna anaeuza, nikapandisha baiskeli kwenye boti mpaka Unguja kwa fundi mmoja mwenye duka mjini, jina silitaji. Nikamwambia kwa mdomo wangu fremu yangu ni 31.6, yaani upana wa tundu la posti kwa milimita, na mwenyewe akaandika kwenye risiti 31.6, risiti ninayo. Halafu kwenye kufunga akatia posti ya 30.9! Laki 4 kachukua. Nimekuja kuona baadae nilipoichomoa nyumbani, namba imechongwa pale chini ya posti haihitaji hata kuwasha taa, na hata ile posti ya zamani aliyonitolea nayo imeandikwa 31.6. Yani kila kitu kilikuwa mkononi mwake.

Nikampigia simu ananambia "hiyo tofauti haifiki hata milimita 1, inakaa tu". Haikai yakhe! Milimita 0.7 kwenye bomba la siti ni nyingi, posti inacheza na inazama kila ukikalia. Na kama huna 31.6 ziko kola za kazi hiyo hasa, kibomba chembamba cha alumini kinachojaza ile 0.7 pande zote sawasawa. Yeye kachukua mkasi kakata kopo la soda vipande vipande akasokomeza, upande mmoja viwili upande mwengine hakuna, vyengine vimejikunja vimezama ndani ya fremu mpaka leo sijavitoa. Na grisi hakuweka hata tone. Sie tunaishi kisiwani jamani, upepo wenyewe una chumvi, alumini ikikaa kavu mule ndani miezi kadhaa inashikana na fremu hutoi tena bila msumeno.

Bas posti ikawa inazama, dawa yake yeye ni kukaza klampu, ile pete inayoibana posti kwenye fremu. Klampu ya siti inataka kukazwa kwa nguvu ya nyutoni mita 5 au 6 hivi, nyingi zimeandikwa ubavuni kabisa, yeye kaweka bomba refu kwenye spana kakaza kwa mwili mzima. Hapa ndo watu hawaelewi: dropa si nguzo ya chuma tupu, ni bomba linaloteleza ndani ya bomba na mna bushi ndani, ukilibana sana kwa nje na ndani linabanika. Siti ikishuka haipandi, au inapanda kwa kujivuta mpaka uinyanyue kwa mkono. Dalili hii inajulikana, legeza klampu kidogo tu siti inaruka yenyewe.

Yeye unajua alifanya nini? Alichukua spana ya mabomba, ile yenye meno, akaing'ata ile sehemu nyororo inayong'aa akawa anaizungusha eti "imekwama ntaizoesha". Nilikuwa nimetoka kwenda kuswali, nimerudi naikuta mikwaruzo imezunguka posti nzima. Pale hapashikwi hata na koleo! Pale ndo panapopita kwenye sili, mkwaruzo mmoja tu sili inakatika, mchanga na maji yanaingia, posti imekwisha. Nilitetemeka wallahi.

Na waya pia. Dropa ya waya inatumia ganda la waya wa gia, yeye katia la breki, ambalo limesukwa kama springi na ukivuta linajibana, kwa hiyo unabonyeza kitufe nusu ya nguvu inapotea njiani. Tena kalikata fupi, nikipinda usukani kulia linavutika siti inashuka peke yake. Niko katikati ya kilima siti inashuka peke yake!

Nimelalamika kwa adabu, mtu mzima kwangu namwita kaka, jawabu analonipa ni "hizi za kichina ndo zilivyo". Si kweli. Siti kutikisika kidogo kushoto kulia hilo la kawaida kwa dropa yoyote hata ya bei mbaya, hilo sikulalamikia. Lakini posti nzima kuzama ndani ya fremu si uchina, ni saizi uliyoniuzia.

Kinachoniuma zaidi si laki 4 peke yake, ni vijana wengi sasa hivi wanaoendesha Masingini na huku Ngezi wanaopeleka baiskeli kwa mtu huyo huyo kwa sababu ndo mwenye duka lenye bango kubwa. Mtu akizamiwa na siti kwenye mteremko anavunja shingo.

Wadau, mwenye kola ya 30.9 kwenda 31.6 Unguja au Pemba anambie bei, na kama yupo fundi anaepima bomba kwa kalipa, kile kipimo cha milimita, kabla hajauza niandikieni anapokaa.

Na wewe kaka najua humu unapita. Posti mpya ya 31.6 isiyo na mkwaruzo, au laki 4 yangu pamoja na nauli ya boti. Nakuja nayo risiti.