Naomba ushauri: kamera ya 2003 inatoa picha za zambarau zenye mistari

Habari wadau. Kamera ni ya megapikseli 4, sensa ya CCD (chipu inayogeuza mwanga kuwa picha). Picha zinatoka za zambarau zenye mistari ya mlalo, na kukiwa na joto na unyevu zinakuwa nyeusi kabisa. Menyu iko safi, na picha za zamani kwenye kadi zinaonekana vizuri, kwa hiyo skrini na kadi hazina tatizo.

Dalili ni zile za CCD nyingi za 2002 hadi 2004: nyaya nyembamba ndani ya sensa huachia. Matengenezo ya bure yaliyotangazwa 2005 yalishakwisha.

Nimesafisha ncha za kebo bapa ya sensa kwa spiriti ya isopropili 99% na kuirudisha; hakuna badiliko. (Ukifungua, toa kwanza chaji ya kapasita ya flashi kupitia rezista, hubeba takriban volti 300.)

Nina kamera nyingine ya modeli hiyohiyo yenye sensa nzima. Nihamishe sensa peke yake, au lenzi na sensa kwa pamoja ili fokasi isipotee? Na ramani ya pikseli mbovu (orodha ya nukta za sensa zenye kasoro) iliyohifadhiwa kwenye bodi, inasahihishwaje baada ya kubadilisha?