Drosera yangu kubwa imekauka ulimbo, nimekosea wapi?

BintiJang'ombe

Asalaam alaykum. Mie si mgeni wa kupanda. Uani kwangu nina asumini, mrihani na mkilua, na vyote vinanitii. Ila huu umenishinda.

Kaka yangu yuko kazini Cape Town. Mwezi wa pili alikuja na mmea ndani ya chupa ya maji iliyokatwa. Majani yake marefu, membamba, yamejaa vinywele vyekundu, na kila kinywele kina tone linang'ara kichwani. Ukigusa unanata kama ulimbo wa fenesi. Jina lake Drosera regia. Wiki mbili za mwanzo ulikuwa raha kuutazama: nzi akitua adhuhuri, nikirudi alasiri jani limeshajikunja limemkumbatia.

Nikasema chupa haifai, nikauhamishia kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Niliambiwa unapenda mchanga, nikatia mchanga mweupe wa pwani na makumbi niliyopewa na jirani anayesokota kamba. Maji nampa ya bomba, asubuhi na jioni. Matone yakaanza kupotea. Nikadhani una njaa, nikaweka kichwa cha dagaa juu ya jani. Jani likaoza na uani kote kukanuka. Sasa umebaki na majani mawili, ncha zake nyeusi. Bibi anasema niutupe, mmea unaokula nyama hauna heri nyumbani.

Muhogo_Mchungu

Unakula mbu? Kama ndiyo niwekee mashina kumi, nayapanga kuzunguka kitanda.

Mpemba_wa_Wete

Alaykum salaam dada. Kabla hujamsikiliza bibi, kata ndimu. Chota kijiko kimoja cha mchanga wako, kamulia, kisha tega sikio.

Ukitoa povu, hiyo ni chokaa. Mchanga wetu mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagika. Maji ya visima vya Unguja nayo yanapita kwenye mawe hayo hayo. Chungulia ndani ya birika lako uone lile gamba jeupe chini. Drosera kwao inaota kwenye ardhi maskini, yenye maji mengi na chakula kidogo, ndo maana ikatega wadudu: inachokikosa mizizini inakichuma kwa majani. Ukiilisha chokaa mizizi inaungua. Na hayo makumbi ya jirani yamefukiwa pwani miezi mingapi yakinywa maji ya bahari? Chumvi tupu. Tena na dagaa, dada! Dagaa wenyewe wamechemshwa kwa maji ya chumvi.

Maji yawe ya mvua, basi. Masika ndo haya, kinga. Acha mvua ioshe bati kwanza, robo saa hivi, ndo uweke ndoo. Mie najaza madumu matatu ya lita 20, na kaskazi ikinibana natumia maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Usiende gereji kuomba maji ya betri kama huyajui, maana wengine hata tindikali wanaiita hivyo hivyo.

Udongo ni piti, ile nyeusi kama buni iliyosagwa wanayotumia wenye vitalu, uchanganye na mchanga wa mto kutoka bara. Huo nao upime kwa ndimu. Mbolea usitie hata chembe. Chakula atajitafutia mwenyewe. Ukimhurumia sana, mpe mbu mmoja uliyempiga kofi.

Sasa la kukuudhi. Regia ni mtu wa milimani. Porini anapatikana milima ya Bainskloof tu, Western Cape, na majani yake yanaweza kufika sentimita 70. Jua la mchana anastahamili, ila mizizi inataka ubaridi, na usiku wetu wa Januari unaujua. Wangu niliuweka na chungu chake cha plastiki ndani ya mtungi mkubwa, katikati nikajaza mchanga uliolowana, ule upoaji wa mtungi wa maji ya kunywa. Ukaishi mwaka mzima. Kaskazi ya pili ukafa. Siku hizi nafuga Drosera capensis, wa huko huko Cape lakini mvumilivu, na ningekuwa wewe ndo ningemwagiza kaka.

Usiutupe lakini. Ung'oe, suuza mizizi kwa maji ya mvua. Ni minene, myeusi. Kata vipande vya sentimita 3 hadi 5, vilaze juu ya piti mbichi, vifukie kidogo tu. Mwezi unaweza kupita huoni kitu, usivifukue kuchungulia.

FundiVipoza

Maji ya kiyoyozi sawa, ila siku tukija kusafisha kwa dawa usikinge. Subiri siku mbili tatu yajisafishe.

BintiJang'ombe

Kaka Mpemba, mchanga umechemka kama soda! Watoto wakashangilia wakataka tena, zimeniishia ndimu tano na mchuzi wa jioni umekosa. Makumbi nimeyagusa kwa ncha ya ulimi: bahari. Nimepata vipande vinne vya mzizi na nimevilaza kwenye kopo la aiskrimu. Bibi kaja kuangalia, kauliza iwapo kipande kidogo hivyo nacho kinauma.

Kopo nilifunike au niliache wazi?

Mpemba_wa_Wete

Funika, lakini kivulini. Ukiliacha juani limefunikwa utavipika. Vikichipua ndo uvisogeze penye jua la asubuhi, mbali na upepo wa bahari.

Muhogo_Mchungu

Bado sijajibiwa habari ya mbu.