Thomas Crean: daktari wa raga au baharia wa Antaktika?

Mkutubi
Ndugu wanajukwaa, salaam. Katika kusoma habari za Vita vya Makaburu nimekutana na Thomas Crean, daktari wa Ayalandi aliyetunukiwa Victoria Cross, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na ambaye, inasemekana, aliichezea nchi yake raga. Nijuavyo mimi, Tom Crean ni yule baharia aliyefuatana na wavumbuzi Scott na Shackleton kule Antaktika. Je, ni mtu mmoja? Na kama ni wawili, huyo tabibu aliwezaje kusomea udaktari huku akichezea timu ya taifa?

Mzee wa Raga
Ni wawili, na wengi huwachanganya. Baharia alizaliwa Kerry mwaka 1877. Daktari alizaliwa Dublin mwaka 1873, akasomea kwenye Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji mjini humo na kuhitimu mwaka 1896. Kuhusu nafasi ya kucheza, usiipime raga ya enzi ya Malkia Victoria kwa mizani ya leo. Ulikuwa mchezo wa ridhaa, bila mshahara wala kambi ya miezi, na Ayalandi kwa kawaida ilikutana na Uingereza, Uskoti na Wales tu, mara moja kila mwaka. Crean alicheza mechi 9 kati ya 1894 na 1896, na katika mwaka wake wa kwanza Ayalandi iliwashinda wote watatu kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ridhaa hiyo, hata hivyo, haikuwa tamu kwa kila mtu: mchimba makaa aliyeacha zamu ili acheze alikatwa ujira, ilhali mwanafunzi wa udaktari hakupoteza hata senti, na ugomvi huo wa malipo ndio uliozifanya klabu za kaskazini mwa Uingereza zijitenge mwaka 1895.

Muuguzi Mstaafu
Naongeza kwamba raga ndiyo iliyompeleka vitani. Mwaka 1896 alisafiri Afrika Kusini na timu ya Visiwa vya Uingereza, iliyopoteza mechi moja tu kati ya 21, na nahodha Johnny Hammond alipokosekana, yeye ndiye aliyeongoza. Ziara ilipokwisha alibaki Johannesburg akifanya kazi hospitalini, na mchezaji mwenzake Robert Johnston naye alibaki Afrika Kusini. Vita vilipozuka mwaka 1899, wote wawili walijiunga na Imperial Light Horse, kikosi cha wapanda farasi cha upande wa Waingereza, na Crean aliingia kama askari wa kawaida, si kama tabibu. Johnston alijipatia Victoria Cross huko Elandslaagte mwaka huohuo. Crean alirudia udaktari baadaye, na tarehe 18 Desemba 1901, huko Tygerkloof Spruit, aliendelea kuwatibu majeruhi mstari wa mbele, yadi 150 tu kutoka kwa adui, ingawa yeye mwenyewe alikwisha kujeruhiwa. Hakuacha mpaka risasi ya pili ilipomwangusha, ikadhaniwa kwamba hatapona.

Mkutubi
Ahsanteni sana. Alipona, basi?

Muuguzi Mstaafu
Alipona, akahudumu tena katika Vita Kuu ya Kwanza na kupata DSO (Distinguished Service Order), nishani ya Uingereza ya utumishi bora wa maofisa, mwaka 1915. Kilichomuua ni kisukari, jijini London, Machi 1923, akiwa na miaka 49. Mgonjwa wa kwanza alikuwa amedungwa insulini, dawa ya ugonjwa huo, huko Toronto miezi 14 tu kabla ya hapo.