Naomba ushauri: namtambuaje na kumkaribisha mteja anayenunua mara ya kwanza kwenye duka langu la mtandaoni?

DotiNaKitenge (mleta mada)

Wakuu, habari zenu. Nauza kanga na vitenge. Mzigo nachukua Kariakoo, oda zinaingia kwa njia mbili: WhatsApp, na tovuti niliyotengenezewa kwa WooCommerce (programu ya kuendeshea duka la mtandaoni). Mwezi uliopita niliweka barua pepe inayojituma kwa kila mteja mpya: "Karibu, hii ni mara yako ya kwanza kununua kwetu," na kuponi ya punguzo la asilimia 10.

Wiki iliyopita mama mmoja wa Tanga, ambaye ananunua kwangu tangu nauzia kwenye simu tu, aliagiza doti sita za shughuli kupitia tovuti. Mfumo ukamkaribisha kama mgeni. Akanipigia: "Mwanangu, miaka yote hii bado hunijui?" Nimemwomba radhi na amepokea, lakini sauti yake haijanitoka masikioni.

Na wale wageni wa kweli, wengi wanajaza kikapu, wakifika kwenye malipo wanaondoka. Walionunua mara moja, wengi sijawaona tena. Nawatambuaje, na nawakaribishaje mpaka wajisikie wamefika kwa watu? Natanguliza shukrani.

FundiTovuti

Pole dada. WooCommerce inamtambua mtu kwa akaunti au barua pepe. Yule mama wa Tanga historia yake yote iko kwenye simu yako, kwa hiyo tovuti haikuwa na namna ya kumjua.

Kwetu huku barua pepe wengi waliifungua ili simu janja iwake, neno la siri likisahaulika wanafungua nyingine. Namba ya simu ndiyo mtu anadumu nayo, kwa sababu pesa yake imo humo. Fanya namba iwe lazima kwenye fomu ya oda. Halafu zisawazishe: mmoja anaanza na sifuri, mwingine na 255, mwingine anaweka alama ya kujumlisha na nafasi katikati. Ni mtu yuleyule, ila kompyuta inaona watatu. Linganisha tarakimu 9 za mwisho. Hamishia na namba za wateja wako wa WhatsApp kwenye jedwali moja na hizo za tovuti, na salamu isitoke kabla ya kulinganishwa.

Angalia na ile salamu ya WhatsApp Business. Haiendi kwa wapya peke yao, hata aliyekaa siku 14 bila kuongea nawe anaipata tena. Usiandike "mara ya kwanza" humo. Andika karibu ya kawaida, kisha mgeni mbandike lebo ya mteja mpya kwa mkono wako.

MtejaWaMwanza

Mimi si muuzaji, nasema kama mnunuzi. Niliwahi kulipia viatu kwenye ukurasa mmoja, baada ya muamala nikapigwa bloku. Tangu siku hiyo, nikiingiza Lipa Namba ya duka nisilolijua naangalia jina linalotokea. Duka linaitwa hivi, jina linakuja la mtu mwingine kabisa: naghairi, na simwambii muuzaji kwa nini. Labda hao wanaoishia kwenye malipo wako kama mimi. Waandikie mapema: "Ukilipa litatokea jina fulani, ni letu." Na nauli ya mzigo ioneshwe pale kwenye bidhaa. Ukiniongezea elfu saba mwishoni, nakuona umenitega.

ViungoUnguja

Dada yangu, punguzo si makaribisho. Mgeni anayekutumia pesa asikuone uso ana hofu, na hofu haiondoki kwa asilimia 10. Mie mteja mpya namtumia ujumbe wa sauti, mfupi tu, namtaja jina lake na alichoagiza. Nikishafunga, napiga picha ya kifurushi chenye jina lake juu. Kikishapanda boti, kisha basi, namtumia risiti na namba ya ofisi ya basi. Siku ya kufika nauliza kama amepokea. Ni kazi, lakini naifanya mara ya kwanza kwa uangalifu wote. Mara ya pili mtu mwenyewe ananiambia "najua utaratibu wako".

Tena wewe unauza kanga! Kanga hainunuliwi kwa rangi tu. Mgeni anaona picha ndogo kwenye simu, jina la kanga halisomeki, anaagiza kumpelekea mkwewe, kumbe lina fumbo la kurushiana maneno. Muulize: ni ya nani, na ya shughuli gani? Msomee jina kabla hujafunga mzigo. Mteja uliyemwepushia fedheha kwa wakwe hakuachi.

HesabuKwanza

Naunga mkono, ila kuponi sipendi hata kidogo. Watu wanafungua barua pepe mpya kila wiki kuifuata, na aliyekaa nawe miaka mitatu analipa bei kamili. Ukitaka kutoa zawadi, itoe oda ya pili.

Na namba hizo ni amana. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Aliyekupa namba kwa ajili ya mzigo hajakuruhusu kumtumia matangazo. Omba ridhaa yake kwanza. Usimwandikie pia kwamba umeona jana usiku alikuwa anaangalia kitenge fulani; utamfukuza.

DotiNaKitenge

Wakuu, ahsanteni sana. Barua pepe ile nimeizima. Jina la malipo nimeliweka juu kabisa ya ukurasa wa kulipia, na leo nimeongeza kwenye kila kanga jina lake kwa maandishi. Namba nanakili kutoka daftari la zamani. Mama wa Tanga yuko ukurasa wa pili.

Limebaki moja: mabinti wanaoagiza kwa simu ya mama zao. Nimkaribishe nani?

ViungoUnguja

Piga simu. Atakayepokea msalimie, halafu muulize kanga ni ya nani.