Mbegu za QDS za maharage na karanga: mpaka wa wilaya ubaki au uondolewe?

Mleta mada: Wadau, hapa Tanzania vikundi vya wakulima vinaruhusiwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa, hizi tunazoziita QDS, yaani mbegu ambazo mzalishaji mwenyewe ndiye anayetangaza ubora wake, ila ziuzwe ndani ya wilaya zilikozalishwa tu. Kikundi cha wilaya ya Mbozi hakivuki kwenda wilaya jirani ya Momba. Mpaka huu unamlinda nani?

Jembe Halimtupi: Haumlindi mtu. Piga hesabu. Ekari ya mahindi chotara inataka kilo 8 hadi 10 za mbegu, ya maharage kilo 30 hadi 40. Panda kilo 35, vuna kilo 350 zinazofaa kuwa mbegu: umepata za ekari kumi, basi. Tena maharage hujichavusha, kwa hiyo aliyenunua mbegu ya maharage ya Uyole Njano mwaka huu atapanda akiba yake misimu mitatu bila kurudi dukani. Kampuni gani itakimbilia biashara hiyo? Wamebaki wanavikundi, nao mnawafungia wilayani.

Bi Shamba: Taratibu, mkuu. Magonjwa ya maharage kama chule na bakajani husafiri ndani ya mbegu, na punje yenye ugonjwa yaweza kung'aa kama nzima. Dalili huonekana shambani, kwenye majani na maganda, si kwenye mfuko. Kwa QDS, TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, hukagua sehemu tu ya mashamba. Kwingine dhamana ni jina la mzalishaji kwa watu wanaomjua. Mfuko ukifika wilaya ya tatu, utamdai nani?

Jembe Halimtupi: Lebo ina namba. Afuatwe kwa namba.

Bi Shamba: Na lebo ikibanduliwa sokoni, mbegu zikapimwa kwa kopo?

Mtu wa Ghalani: Mnabishania mpaka, mzigo umekwama kabla ya kuufikia. Mbegu za msingi, zile ambazo kikundi huzipanda ili kuzalisha QDS, zikifika kikundini mvua imeshashika, wanachama wameshapanda za sokoni. Msimu huo hakuna QDS ya kuvusha. Kinachofuata ni uharibifu wa mikononi mwetu. Maharage yaliyokauka kupita kiasi yakipigwa fimbo kwenye sakafu ngumu hupasuka kiini: kwa macho ni mazima, ardhini hayaoti. Karanga ndiyo balaa. Watu hulowesha maganda ili wabangue haraka, unyevu unaingia kwenye punje, uotaji unashuka na ukungu wa sumukuvu unapata makao. Zikae na maganda yake, zibanguliwe kwa mkono zikiwa kavu, siku chache kabla ya kupanda.

Kabla ya kuuza popote, hesabu punje 100 bila kuchagua, zipange kwenye mchanga wenye unyevu, subiri siku 8. Zikiota chini ya 80, peleka jikoni, kama hazikutiwa dawa.

Bi Shamba: Hapo kwenye karanga sina neno. Ugonjwa wake mkubwa, ukoma, huletwa na vidukari, hauji na mbegu. Karanga zivuke. Kwa maharage, kwanza kila shamba likaguliwe mara mbili, wakati wa maua na maganda yakikomaa.

Jembe Halimtupi: Gharama ya mkaguzi nani atalipa?

Bi Shamba: Anayetaka kuvuka.