Naomba ushauri: stomata za nanasi nizionyesheje bila hadubini?

Habari wadau. Nafundisha sayansi shule ya msingi, hadubini hatuna. Stomata, vile vitundu vya jani vinavyopitisha hewa, nawaonyesha wanafunzi kwa maji ya moto: jani la mwembe likizamishwa, hewa iliyomo ndani hupanuka na viputo hujitokeza upande wa chini. Jani la mhindi hutoa pande zote mbili. Yungiyungi (watoto hulishangaa sana) hutoa juu tu, maana chini limelalia maji.

Kinachonisumbua ni nanasi na mkonge. Hii hufungua stomata usiku, huingiza kabonidayoksaidi na kuihifadhi kama asidi, kisha mchana huzifunga ili maji yasipotee na kuitumia ile akiba kwenye usanisinuru. Usiku watoto wako kwao!

Nimewaza kutwanga jani la nanasi la alfajiri na la jioni, kisha nilinganishe asidi. Lakini karatasi ya litimasi, ile inayogeuka nyekundu kwenye asidi, itakuwa nyekundu kote kuwili. Je, kuhesabu matone ya maji ya magadi (yanayoua asidi) hadi rangi ibadilike kutaonyesha tofauti? Aliyewahi kujaribu anielekeze, au kama kuna njia rahisi zaidi.