Mpaka wa Goma na Gisenyi (Rwanda) ulisha funguka: nirudie kuvuka kila siku ao nibakie na kamande ya simu?

mama_wa_tomati (Birere, Goma, posti ya 2023)

Jambo ba mama, ba papa na ba yaya wote. Naomba shauri juu kichwa inaniuma na nyumbani kila mutu ananiambia yake.

Miye nauzishaka tomati, karoti, shu (kabichi) na bitunguru ku soko ya Virunga. Tangu 2014 nilikuwa navuka Petite Barrière (mlango mudogo wa mpaka, wa batu ba miguu) kila asubui, kutoka Birere ni kutembea tu kidogo, naonyesha karte, napata jetoni ya kupita, naingia Gisenyi, naona mali na macho yangu, nabishana bei, nalipa, narudia. Saa tatu nisha panga meza. Kisha mwezi wa tatu 2020 corona ikafunga mpaka, siye tukawaza ni ya wiki mbili, ikafanya miaka mbili. Ile miezi ya kwanza tulikula kapitali yote, miye niliuzisha hata bikwembe (bitenge) bibili bya arusi yangu byenye bilikuwa bado mu nailo.

Kisha tukaona kitu moja: ni batu njo bakatazwa, mali haikukatazwa. Kamio (malori) zilikuwa zinapita tu Grande Barrière, mlango mukubwa wa magari. Basi tukaunda grupe, ba mama kumi na moja, kila mutu anatosha (anatoa) pesa yake, mumoja anapiga simu ngambo, mali inakuja mu kamio moja, tunagawanyia ku depo. Mwanzo tulilia, nani alisha nunuaka tomati bila kuigusa? Lakini tukazoea, na klianti nabo bakazoea, leo niko na ba mama kama makumi mbili banaandika usiku ku WhatsApp, "mama nitumie karoti kilo mbili na shu moja", asubui motari (wa pikipiki) anapeleka.

Sasa mpaka ulifunguka mwezi wa tatu 2022, batu banavuka, hata kama tangu mwezi wa sita ya ule mwaka Petite Barrière inafungwa saa tisa ya muchana. OMS, shirika ya afya ya dunia, nayo mwezi wa tano 2023 ilisema corona haiko tena dharura ya dunia. Benzangu bane balisha toka mu grupe, balirudia kuvuka kama zamani, miye bado nasitasita.

Siku ya posho (jumamosi) nililipia bisanduku bine bya tomati. Nafungua ya kwanza, ile ya juu inaangaza, nyekundu, muzuri ya kupiga picha. Natia mukono chini, mukono unatoka na maji. Safu ya juu ilikuwa moja tu, chini yote ilisha pasuka na kuanza kunuka. Nilimupigia yule wa ngambo, anasema ni barabara, dereva anasema ni mpakiaji, sekretere wa grupe yetu anasema "mama vumilia". Mu soko hakuna mutu wa kuuzisha kuvumilia.

Lakini upande ingine, mutoto wangu wa mwisho alizaliwa mwezi wa saba 2020, ku avenue banamuita Corona (aniwiye radhi akikuwa), yeye anajua asubui mama anakunywaka chai na yeye. Bakubwa wake nilikuwa nabaacha bakilala. Nikimuambia naenda kuvuka analia mpaka anatapika.

Nyinyi munafanya namna gani?

sekretere_grupe_Majengo

Pole dada. Nami ni sekretere ya grupe (si ile yako hehe), wacha nikuambie kwa upole: kosa si ya kamio, kosa ni kulipa yote mbele ya kufungua. Siye tulipoteza mingi 2020 mpaka tukatia sheria. Nusu ya pesa inatumwa asubui, nusu mali ikisha funguliwa hapa. Wa ngambo walikataa mwezi moja, kisha walikubali juu hata wao walikuwa na mali inaozea mikononi.

Na usiombe picha. Picha ya juu kila mutu anajua kuipiga. Omba video, amwage kisanduku moja yote chini ku hema, wewe ndiye unachagua ni ya ngapi, useme "ile ya tatu kutoka kushoto". Akianza kusema réseau mbaya, jua.

Kingine: kila mama wa grupe yetu ana kitambaa yake ya kikwembe, kipande ndogo tu, inafungwa ku mdomo wa gunia. Mbele ya ile kulikuwa vita ku depo, "hii yangu, hii yako", watu wawili walisha vuana hata foulard. Sasa gunia ya maua ya njano ni ya fulani, mwisho.

Lakini tomati mi sipitishi tena ku grupe. Karoti inavumilia, shu inavumilia, kitunguru hata ukiirusha. Tomati ni kama mutoto, inataka mama yake aende kuichukua.

viringi_tatu

Munaongea kamio, kamio, kamio. Nani anatukumbuka siye ba handikape (balemavu) benye velo ya viringi (magurudumu) tatu? Petite Barrière ilikuwa biro yetu. Miye sina miguu ya kutembea lakini pale nilikuwa napitisha magunia ya mama tano, sita, na basukumaji babili nyuma, kila mutu anapata yake, nasomesha batoto bane. Siku balifunga, velo yote tuliipanga ku ukuta, tukasema tutarudi posho. Velo yangu ilishikwa kutu mpaka sheni ikakatika peke yake bila mutu kuigusa.

Nilifanya kabini, kuuzisha ma unite na kuchajia batu telefone na batri ya gari, kuranti ikija naumia ikikatika napata, wewe ona maisha. Sasa nilirudi ku barieri lakini kazi iko nusu, juu ba mama benye kapitali babakia na kamio. Mama akivuka mwenyewe mali yake inapitia ku miye. Akipiga simu, inapitia juu yangu. Sikulaumu mama wa tomati, mutu anatafuta yake, ila umeuliza tunafanya namna gani, njo hiyo.

mama_wa_tomati

@viringi_tatu pole sana papa, umenigusa. Kweli mbele nilikuwa na papa moja wa velo, kila siku yeye, alikuwa anajua hata gunia gani nisipende itiwe chini. Tangu 2020 sijamuona.

@sekretere video ile ya kumwaga sijawahi kuwaza, nitaijaribu. Lakini kuna kingine sikusema. Kule Gisenyi nilikuwa na mama moja, ananikopesha. Siku pesa imepunguka anasema beba, utaleta kesho. Kwa simu haiko vile. Kwa simu ni tuma mbele njo nipakie. Na makato ya kutuma, kisha makato ya kutosha, kisha kuchenja franga yetu kuwa ya Rwanda, mwisho wa mwezi nikipiga hesabu ni gunia nzima imekuliwa na simu.

motari_wa_Himbi

Mama shikamoo. Miye ni kijana lakini niongee kidogo. Mbele ya corona nilikuwa nabeba batu tu, kutoka Ndosho mpaka Signers, Signers mpaka Birere, jioni napeleka versement (pesa ya siku) kwa mwenye pikipiki. 2020 batu bakaogopa kupanda, siku moja nilipata klianti watatu asubui mpaka usiku. Njo mama moja wa mboga akaniita nimupelekee bitu Himbi kwa batu ba mabiro benye balikuwa banatumikia nyumbani. Leo mali inanilisha kuliko batu, mali haiogope spidi na haikuambie "niachie mia tano" hehe.

Shauri yangu: bale makumi mbili ba WhatsApp usibaache hata kidogo, hata ukirudia kuvuka. Bale ba Himbi na Katindo bamoja bado banatumikia nyumbani siku mbili tatu kwa wiki, habana muda ya kwenda Virunga na habataki matope. Lakini tia mupaka: kamande inafungwa saa mbili ya usiku, mwenye kuandika saa tano apate kesho kutwa. Na ule wa "mama peleka nitatuma pesa kesho", mufute. Mi nilisha simama ku porte ya mutu na karoti mu mvua, anachungulia ku dirisha, hafungue.

Ukivuka asubui sana, ukirudia saa tatu, mi niko nakungojea pale barieri, mali inaenda kwa klianti moja kwa moja bila kupita ku meza. Meza ibakie na dada yako ao binti.

mzee_wa_Ndosho

Nyinyi vijana munasema "corona, corona" kama ndiyo ilitufundisha kitu. Siye batu ba Goma tulisha nawa mikono na klore tangu Ebola 2019, kupimwa joto ku paji la uso pale barieri kama wezi, asubui na jioni. Kashene (barakoa) ilipokuja tulikuwa tunacheka tu. Na musisahau tarehe 1 mwezi wa nane 2019 Rwanda walifunga mpaka masaa machache juu ya ile Ebola, mji mzima ulisimama, nilinunua litre ya maziwa kwa bei sitaitaja.

Kisha 22 mwezi wa tano 2021, Nyiragongo. Usiku ule mpaka wenye ulikuwa umefungwa juu ya corona ulifunguka, tukavuka na magodoro ku kichwa, hakuna jetoni, hakuna test, hakuna kashene, mbuzi na sie. Saa hii barabara ya Rutshuru nayo munajua vita iliifanya namna gani, maharagi mumeona bei.

Kwa hiyo binti yangu, unauliza nirudie kuvuka AO nibakie na simu. Hapa kwetu "ao" ni ya batu ba miji yenye kulala. Mpaka unafungwa leo saa tisa, kesho unaweza kufungwa saa nne. Ukiua grupe, siku hiyo utaanzia wapi? Ukiua miguu, nani atakujua Gisenyi?

sekretere_grupe_Majengo

Mzee amesema kweli (isipokuwa ile ya maziwa, kila siku anaiongea).

Dada, juu ya yule mama wa kukopesha. Deni iko ku uso, si ku simu. Mi nina wangu kule, tangu mpaka ufunguke naenda mara moja kwa wiki hata kama sinunue kitu, nakaa ku kiti yake, tunakula mahindi, naulizia bakwe zake. Mwezi uliopita grupe ilikosa pesa, nilimupigia tu, akapakia. Mume wangu anasema napoteza asubui nzima juu ya kuongea. Mwambie na wako, ile kuongea ndiyo kapitali.

daftari_na_kalamu

Nafanya hesabu za watu kwa hiyo samahani kama ninaongea kikavu. Mama, usiamue bado. Chukua daftari ya batoto, kurasa mbili. Ukurasa wa kwanza wiki ya simu: makato yote, sehemu yako ya kamio, tomati zenye ulitupa (zipime, usikadirie). Ukurasa wa pili wiki ya kuvuka: velo, motari, kuchenja, na masaa yako kutoka kitandani mpaka mezani. Watu wengi wanaandika pesa wanasahau masaa, kisha wanashangaa kwa nini wamechoka na hawana faida.

Na kunywa chai na mutoto, sijui itaandikwa ku ukurasa gani, lakini usiifute.

viringi_tatu

Huyu wa daftari ananifurahisha. Mama, ule papa wako wa velo alikuwa na kofia ya nyekundu na moja ya basukumaji wake alikuwa na kigugumizi? Kama njo yeye, yuko. Alirudia mwaka jana, anakaaga upande wa kushoto karibu na ba kambiste (bale ba kuchenja pesa). Nitamuambia.

mama_wa_tomati

EHH ni yeye! Kofia nyekundu! Mumuambie mama wa Virunga, ule wa "tomati juu, shu chini", atanijua.

Asanti sana batu bangu. Nimeongea na mume usiku, hakufurahi sana lakini hakukatala. Karoti, shu na bitunguru nabakia na grupe, na kesho nawaambia juu ya nusu-nusu na ile video, wakikataa nitaona. Tomati naenda mwenyewe, siku ya pili na siku ya tano (jumanne na ijumaa), natoka kisha chai, si mbele ya chai, nikichelewa nichelewe, ilimradi saa tisa isinikute ngambo. Mara ya kwanza nabeba ule Corona ku mugongo aone Gisenyi, labda ataacha kulia.

@motari nitakuandikia pembeni juu ya bei ya siku mbili.

Kitu moja tu bado: mwenye kujua mahali hapa Goma banauzisha ile mizani ya kutundika, ya kilo hamsini, yenye haidanganye, aniambie. Ile ya depo yetu kila mama anaikanyagia upande yake.